Mabati ya Simiti

Katelembo, Machakos
Jumapili, 1 Agosti 1999

Mume wangu Kitheka,

Salamu zangu nimezifunga pamoja na za mwaitu, mama yako, kwa hivyo ukifungua barua hii ujue watu wawili wanakusalimu, na wa tatu anakupigia teke akiwa ndani ya tumbo. Sisi wazima. Wewe je, baridi ya Nakuru imekubakisha?

Mabati yamefika! Lori lilikuja Alhamisi. Dereva aliuliza njia kwa kila mtu kuanzia barabara kubwa, na kabla hajazima injini kijiji kizima kilishajua Kitheka ametuma paa. Uliponiambia mnabomoa nyumba za zamani za wafanyakazi kule Athi River na kwamba mmeruhusiwa kubeba mabati, nilidhani utaniletea yale mekundu ya kutu. Kumbe ni haya mazito ya simiti, ya asbesto! Mwelu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwethya, aligonga moja kwa kidole akasema, "Kavata, wewe uliolewa vizuri. Haya hayashiki kutu. Jua likiwaka ndani ni baridi, na mvua ikinyesha mtu anaendelea na hadithi yake." Nilijifanya sikumsikia ili aseme tena.

Tangu Elnino ing'oe paa letu tumekaa kwa mama yako kama wageni wasiojua kuaga. Sasa kuta zimefika juu. Chumba cha mtoto nimekichagua, ni kile cha upande wa jua la asubuhi. Huyu azaliwe akute nyumba, Kitheka. Yule wa kwanza hatukuwahi kumwonyesha chochote.

Zamu yetu ya kujengewa na mwethya ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Akina mama watakuja wote, na mafundi wawili wa kupigilia. Ila mabati yana ukungu mweusi mgongoni. Tuyafanyeje?

Mkeo akupendaye,
Kavata

*

Nakuru
15 Agosti 1999

Kavata wangu,

Barua yako nimemsomea Mulwa wa hapo kwetu, tunayefanya naye kazi, na pale pa Mwelu amenifanya nirudie. Mwambie Mwelu bado sijaacha kuoa vizuri, kama yuko na dada.

Hapa tumeletwa na yule yule kontrakta wa Athi River. Tunabomoa na kutengeneza nyumba za wauguzi, mali ya hospitali ya wamisheni. Paa ni zile zile, mabati yale yale. Nikiyaona nakumbuka nyumba yetu na mkono unakuwa mwepesi.

Kuhusu ule ukungu, yasuguliwe kabla ya kuinuliwa. Tangi litakunywa maji ya paa hilo na wewe utakunywa maji ya tangi, kwa hivyo usikubali kazi ya haraka haraka. Maji ya kuoshea hatuna, yasipotee bure. Wasugue makavu, kwa brashi ya waya, mchanga na magunzi ya mahindi, mpaka yawe meupe. Na bati likizidi urefu likatwe kwa msumeno wa kawaida, linakatika kama mkate.

Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kutoa amri. Kula. Pumzika. Sista wa kliniki alisema presha yako isipande. Sijasahau siku ile walivyokuangushia habari za kifo cha baba yako bila kukuandaa, presha ikapanda, na mtoto wetu akaenda kabla hajalia. Sitaki tena mtu akupe habari mbaya ukiwa na mimba. Hata mimi.

Wako,
Kitheka

*

Nakuru
29 Agosti 1999

Mpendwa Kavata,

Natumaini hujambo na mwaitu hajambo. Sina mengi.

Msiyaguse yale mabati. Nilikosea kusema yasuguliwe. Fundi mkuu ametueleza kwamba mabati ya aina hiyo yakishushwa hukaa kwanza nje yakomae, ndipo yapande tena. Yaache pale pale yalipo. Watoto wa jirani wasiyachezee. Na wewe usiende upande huo, zungukia nyuma.

Jambo lingine. Zile nguo zangu za kazi nilizoacha nyumbani niliporudi kutoka Athi River, usizifue. Usizikung'ute wala kuzipekua. Zitie kwenye gunia ulifunge uliweke mbali, mpaka nije.

Usiulize sana. Nitakueleza. Je, kliniki unaenda? Presha ilisemaje?

Kitheka

*

Katelembo
9 Septemba 1999

Mume wangu,

Presha ilikuwa nzuri mpaka nilipofungua barua yako.

Mabati yaliyokaa juu ya nyumba za watu tangu wakati wa mkoloni, leo ndio yanatakiwa kukomaa? Kitheka, kinachokomaa ni nyanya. Nilimsomea Mwelu akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi huyo alisomea wapi? Ama alikuwa anauza ndizi?"

Na nguo zako nilizifua siku ile ile ulipoziacha. Nilizikung'uta vizuri kwenye kamba, vumbi likatoka kama unga wa posho. Mifuko nilipekua pia, ni haki yangu. Nilikuta msumari na peremende. Sasa nakaa najiuliza, ni kitu gani kilikuwa kwenye nguo hizo ambacho mke hafai kukiona?

Natania. Lakini si sana. Mbona barua yako haina mzaha hata mmoja? Wewe ambaye hata matangani watu hukuonya?

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Iveti. Zamu ya mwethya ikipita, itazunguka kwa wengine wote kabla ya kurudi kwetu, na wakati huo mtoto atakuwa ameshaota meno. Niambie neno moja la kweli, nami nitangoja. Nikikosa neno hilo, sitangoja.

Kavata

*

Nakuru
17 Septemba 1999

Kavata,

Nakuomba tu. Mwambie Mwelu awapeleke akina mama kwa mtu mwingine Jumamosi hiyo.

Ukweli ni kwamba kuna mtu anayahitaji hayo mabati. Nimeshamwahidi. Usiniulize ni nani. Nitatuma lori mwanzoni mwa Oktoba, na Mulwa atakuwa hapo kwa likizo, atasimamia yapakiwe. Wewe usishike chochote. Mimi nitakununulia mengine, mabati ya kawaida ya kung'aa, mapya kabisa.

Najua ninavyosikika. Niamini hivyo hivyo. Nakuwaza mchana na usiku, wewe na huyo aliye tumboni. Hapa watu wananiambia nikae nile, nami nazunguka na sahani mkononi.

Kitheka

*

Katelembo
4 Oktoba 1999

Kitheka,

Leo sina salamu. Ulizonazo zikutoshe.

Barua yako ya kwamba kuna mtu ilifika Alhamisi ile, siku mbili kabla ya mwethya. Mulwa naye akaingia siku hiyo hiyo. Nilimpikia muthokoi, nikamketisha kwenye kiti chako, nikamwuliza, "Kitheka ako na nani huko?" Akaangalia sahani. "Haki Kavata, mimi sijui kitu. Ako na mambo yake. Aliniambia nisiseme, sasa nitasema aje?" Mwanamume mzima, anashindwa kuniangalia mimi na tumbo langu!

Dalili ya mvua ni mawingu. Nguo nisifue. Mabati nisiguse. Kuna mtu anayahitaji kunishinda mimi niliyelala kwa mama mkwe karibu miaka miwili. Mtu huyo rinda lake ni la rangi gani? Umeshamjengea kuta, au ulianza kumtafutia paa?

Basi Jumamosi mwethya ilikuja kama ilivyopangwa. Mulwa alisimama pale nje na kusema, "Jameni, ngojeni kidogo, Kitheka alisema..." Mwelu akamwambia Kitheka aje aseme mwenyewe. Akaondoka. Wakayasugua kwa brashi, mchanga na magunzi, makavu, kama wewe mwenyewe ulivyoagiza ulipokuwa bado mume wangu. Hatukupoteza hata kikombe cha maji. Vumbi lilipanda mpaka hatuonani, nyimbo juu kwa juu. Mwelu alijipangusa uso akasema, "Niangalieni, leo nimekuwa mzungu!" Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Mafundi wakakata, wakatoboa, wakapigilia. Na ule unga uliobaki chini mwaitu hakutaka upotee. Ni mzuri kama simiti. Aliuzoa, akauchanganya na udongo, akasiriba chumba cha mtoto, kuta na sakafu, kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni nilisimama chini ya paa langu. Huyo mtu wako akilitaka, aje alipande.

Mimi niko sawa. Tumbo halinisumbui. Usijichoshe tena na presha yangu.

Kavata,
mwenye nyumba

*

Nakuru
13 Oktoba 1999

Kavata,

Hakuna mwanamke. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Heri angekuwepo, ungenitukana, wazee wangeniita, nami ningelipa mbuzi mambo yakaisha.

Soma hii ukiwa umeketi. Kama mwaitu yuko karibu, mwambie akae nawe.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mkaguzi hapa, mama mmoja kutoka Nairobi, ametumwa na wale wanaotoa msaada wa nyumba hizi. Alimkuta Mulwa akivunja mabati kwa nyundo. Alipiga kelele tukadhani ameona nyoka. Alisimamisha kazi yote, akatutoa nje, akatuketisha kwenye nyasi. Akatuambia asbesto ni nyuzi, ndogo hata jicho halizioni. Zikiwa zimeshikwa ndani ya simiti zimetulia. Bati likisuguliwa au kukatwa zinaruka hewani, na ukizivuta zinakwama kwenye mapafu. Hazitoki. Haziozi. Mtu haumwi leo wala mwaka ujao. Wengi hawaumwi kabisa. Lakini anayeumwa huumwa baada ya miaka ishirini, hata thelathini, kifua kinabana au kinafanya saratani, na dawa ya kuzitoa nyuzi hizo hakuna. Nguo za mfanyakazi zinaweza kumdhuru anayezifua. Alisema hivyo hivyo. Kisha akauliza, mabati ya Athi River yalienda wapi? Kila mtu aliniangalia mimi. Nikaanza kung'oa nyasi.

Tangu siku hiyo situlii. Nikiketi nasimama. Mimi ndiye niliyeandika wasugue makavu. Nimeyabeba begani miezi mingapi sijui, na sijifikirii mimi, naifikiria ile kamba ya nguo na wewe ukikung'uta.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ya yule wa kwanza. Niliona nikikuandikia haya presha itapanda, nitakuwa nimemuua na huyu kwa kalamu. Nikasema nitadanganya kidogo mpaka ujifungue. "Mtu anayehitaji" hakuwepo. Lori lilikuwa la kuyapeleka yakazikwe. Mulwa nilimpa barakoa zake na zangu, barakoa zenyewe za kazi hii, ayapakie kimya kimya. Nilimwapisha asikuambie. Mwambie leo nimemfungua mdomo.

Yeye amefundishwa. Ayashushe yeye, wewe usiwe karibu. Yamwagiwe maji mpaka yalowe, na yabaki yameloa, hata kama ni kuchota mtoni mara mia. Yafunguliwe bila kuvunjwa, yafungwe kwenye nailoni, yazikwe kwa kina mbali na kisima. Kile chumba alichosiriba mwaitu kisifagiwe. Kiloweshwe, udongo ubanduliwe ukiwa mbichi, uzikwe pamoja na mabati. Maji ya tangi yamwagwe.

Ningekuja leo. Msimamizi amesema likizo zimefungwa, anayeondoka sasa kabla kazi haijaisha asirudi, na mtoto anakuja mwezi ujao, nitamlisha nini? Mwisho wa Novemba tutakuwa tumemaliza.

Nashukuru Mungu kwa kitu kimoja tu. Bado hajazaliwa. Hajavuta pumzi hata moja chini ya paa lile. Kwa upande wake tumewahi, Kavata.

Nisamehe,
Kitheka

*

Katelembo
22 Oktoba 1999

Kitheka,

Mtoto alizaliwa tarehe thelathini Septemba, siku chache tu baada ya mwethya. Ni msichana. Alikuja kabla ya wakati wake, mdogo, lakini alilia kwa nguvu, na nilipomsikia nililia kumshinda. Mwaitu alimpa jina lake, Syokau, kama desturi inavyotaka.

Ile barua ya matusi niliiandika nikiwa nimempakata. Nilikataza kila mtu hapa asikuandikie, na Mulwa akipita nilikuwa naingia ndani na kufunga mlango. Nilitaka usikie habari za mwanao kwa watu baki, siku moja, mbele ya huyo mwanamke, na uone haya. Nilikaa nikiiwaza siku hiyo na ilinipa raha. Wewe ulificha ili nisiumie, mimi nikaficha ili uumie, na katikati yetu mtoto alikuwa anapumua.

Amelala katika chumba kile tangu alipotoka hospitali. Udongo wa mwaitu ulikuwa unakauka na kutoa unga. Kila asubuhi nilikuwa naupangusa kwenye blanketi lake kwa mkono, nikisema moyoni kuta mpya ndivyo zilivyo.

Barua yako ilinikuta mle ndani, nikimnyonyesha. Nilitoka mbio bila hata kitambaa kichwani. Sikujua nimwinue juu au nimfunike. Nilimpeleka kwa Mwelu, na hapo ndipo tulipo mpaka sasa.

Nikawaita wanawake wote wa mwethya nikawasomea. Nilisoma yote, pamoja na pale pa wivu wangu, kwa sababu mikono iliyosugua ni yao. Mwanzoni walicheka juu ya huyo mwanamke asiyekuwepo. Kisha kicheko kikaisha. Mwelu aliniuliza, "Kwa hivyo tukiimba, tulikuwa tunameza?" Nilitegemea watanitemea mate. Waliondoka, na asubuhi wakarudi, kila mmoja na mitungi yake. Wamechota siku mbili. Mulwa alilowesha, akashusha, yeye na fundi mmoja mwenye barakoa ile yako. Moja lilipasuka, na wote tulirudi nyuma hatua nyingi kama ng'ombe walioona moto. Yamezikwa. Chumba wamekibandua. Nyumba yetu sasa ni kuta tu, na mvua ilinyesha ndani jana.

Sista wa kliniki amemsikiliza mtoto. Kifua ni safi, anasema. Nikamwuliza, na baadaye? Akaanza kunikunjia kadi. Mulwa ananiambia wengi hawapati kitu, na ni siku chache, na nisijitese. Nataka sana kumwamini. Lakini atakohoa, Kitheka. Watoto wote wanakohoa. Atapata mafua, atapata vumbi la barabara, na mimi sitajua ni nini. Hata akiwa mama wa watu, akikohoa nitasimama.

Na wewe je? Barua nzima unaandika juu ya kamba yangu ya nguo. Bega lako mwenyewe hukulitaja ila mara moja. Kama unakohoa huko na hujaniambia, basi hujajifunza kitu.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Nakuandikia kwa sababu ya mwaitu. Ameketi nje ya kile chumba tangu tulipobandua. Hataki kumshika mtoto. Nikimpelekea anaficha mikono ndani ya kanga na kusema, "Hii mikono ndiyo ilimpaka. Mtoeni hapa." Mtoto ana jina lake na yeye hataki kumwangalia. Nimembembeleza, Mwelu amembembeleza, pasta amekuja akaomba akaenda. Anauliza jambo moja tu, kama mwanawe alijua wakati yeye anasiriba. Mimi nimekataa kumjibu. Jibu hilo si langu.

Kazi ya Nakuru iache. Tutakula kunde. Na usinijibu kwa barua, maana tumeona barua zetu zinafanya kazi gani. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu.

Kavata,
mama Syokau